Kilo Sabini na Tisa

Kiden mwanangu,

Saa hizi wewe na mama yako mko Adumi kumuaga bibi yako, na najua mtarudi jioni mmebebeshwa kuku na simsim ambavyo havitaingia kwenye basi la kesho. Mimi niko ofisini hapa Oraba. Mvua ya jana imeharibu barabara ya upande wa Kaya, ng'ambo ya mpaka, malori hayasogei, madereva wamelala chini ya matrela yao, na mimi nina meza, kalamu na mchana mzima. Nimeona niandike sasa. Mkirudi nitaanza kuulizia tiketi, nitapiga kelele kuhusu mizigo, na neno ninalotaka kukuambia litapita pembeni kama lilivyopita miaka mitano.

Sitakuambia uvae sweta wala unywe maji ya kuchemsha. Mama yako ameshasema hayo, mengine mara tatu, na kuhusu kazi yenyewe mimi sijui lolote. Ofisi yako imekuhamishia Kampala, baada ya wiki mbili unaingia hospitali kupunguzwa tumbo, na bima ya kazini imekubali kulipa. Hayo yote unayajua kuliko mimi. Nina jambo moja tu kuhusu hiyo bima, na kabla sijalifikia nitazunguka kidogo, maana mimi ni mwoga.

Siku barua ya kukubaliwa ilipokuja uliruka. Na kilo zako mia moja ishirini na moja uliruka, vikombe vikalia kabatini, mama yako akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa. Mimi nikachukua ile karatasi nikaenda nayo dirishani.

"Baba, wewe iko natafuta nini tena?" ukaniuliza. "Wamekubali."

Nilikuwa natafuta walipoficha mwiba, na nikaupata, chini kabisa, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa: idhini hii si ahadi ya malipo. Nikakulazimisha upige simu uulize maana yake. Wakakujibu kuwa ni maneno ya kawaida tu. Mpaka leo siyaamini. Maneno ya kawaida kwa nini yaandikwe madogo? Kwa hiyo siku ya upasuaji, kabla hujavaa lile gauni la hospitali la kufungwa mgongoni, waulize kama ruhusa bado iko hai siku hiyohiyo, na uandike jina la aliyekujibu.

Unajua nilivyo. Ulipoanza safari hii mwaka juzi, niliona mtego kila mahali. Walisema uende zahanati ya Arua kila mwezi, miezi sita mfululizo, upimwe uzito mbele ya daktari na uandikiwe ulichokula. Nikakuambia hawa wanataka kukuchosha, mtu akichoka anaacha, na akiacha wao wamepona. Bado nadhani hivyo. Lakini wewe hukuchoka. Nakumbuka mwezi wa nne ulishikwa na malaria, macho yakawa ya njano, nikasema kaa, utaenda wiki ijayo. Ukafunga kitambaa kichwani ukaniambia, "Nikikosa mwezi moja, wanaanza kuhesabu upya." Ukatoka kwetu Koboko ukaenda hadi Arua na homa yako, ukarudi umeinama, karatasi imepigwa muhuri. Nilijifanya nimekasirika. Ukweli ni kwamba nilijivuna sana, na sikukuambia.

Halafu wakataka uonane na mshauri wa akili. Hapo nililipuka. Nikasema wanatafuta kuandika kwamba binti yangu ni kichaa ili wakunyime vizuri. Ulirudi, ukakaa jikoni, ukamwambia mama yako nikiwa mlangoni kwamba yule mama hakuuliza mambo ya wazimu. Alikuuliza kama unajua kuwa hutakula tena kama zamani, hata kwenye matanga, hata kwenye harusi, wakati wengine wanamega ugali wa kalo na wewe umeshiba kwa vijiko vitatu. Alikuuliza nani nyumbani atakusaidia. Ukasema, "Hapo nililia." Mimi niliondoka mlangoni bila kuingia. Ulipoulizwa nani atakusaidia, sijui ulijibu nini. Nimeogopa kuuliza.

Basi ukakamilisha yote. Barua ya daktari kuhusu kisukari na presha, barua ya mtu wa lishe, ya mshauri, miezi sita bila pengo. Ikabaki moja: kumbukumbu za uzito wako za miaka mitano, kuonyesha kwamba huu si unene wa jana. Ukaenda ile zahanati, wakakupa nakala ya kadi yako ya zamani, ukaituma bila kuitazama vizuri. Baada ya wiki chache wakakataa.

Walisema kumbukumbu hazilingani. Kadi ya miaka mitano iliyopita ilisema kilo sabini na tisa. Kwa hesabu yao, wewe ulikuwa mtu wa kawaida tu, umenenepa juzijuzi, nenda kajaribu chakula na mazoezi kwanza.

Ulikaa kwenye kigoda na ile barua magotini. Ukasema, "Sista wa zahanati alikosea kuandika. Mimi sijawahi kuwa sabini na tisa tangu nivunje ungo." Mama yako akaanza kulaani zahanati. Mimi nikalaani bima, kwa sauti kubwa kuliko yake, nikasema nilijua, nilijua tangu mwanzo, watu hawa ni wezi. Nilikunywa chai yangu mpaka mwisho. Nikajimiminia kikombe cha pili, Kiden. Hilo ndilo linalonitisha ninapolikumbuka.

Sista hakukosea. Ni mimi.

Ulikuwa na miaka ishirini na mmoja, umepata nafasi ya chuo, wanataka fomu ya daktari. Nilikupeleka Arua mwenyewe. Mzani ulikuwa barazani, mbele ya watu wote waliopanga foleni na watoto wao. Ulivua viatu, ukapanda, na mwanamke mmoja nyuma yetu akamwambia mwenzake, "Hii sasa ni lori ya Kaya." Wakacheka, wengine wakacheka. Wewe ulishuka ukavaa viatu taratibu kana kwamba hukusikia, ukatoka kwenda kunisubiri chini kwenye ngazi. Ulisikia. Niliona shingo yako.

Mimi nikaingia ndani kwa Sista. Mzee kama mimi, ningetoka nikamwambia yule mwanamke neno moja la kumtosha mwaka mzima, unajua mdomo wangu. Badala yake nilimfuata Sista na kadi yako mkononi.

"Mzee, mutoto yako iko na kilo mia moja na nane," akasema.

"Hapana andika hiyo, Sista."

"Sasa mimi naandika ngapi?"

"Andika sabini na tisa."

Alinitazama. Nikamwambia ni mambo ya chuo, wataona namba kubwa watamnyima nafasi. Alikuwa na huruma, na kulikuwa na watu wengi, akaandika, kwenye kadi na kwenye kitabu chao. Kesho yake nilimpelekea kilo mbili za sukari za kumshukuru. Sukari, fikiria.

Huenda unajiuliza kwa nini sabini na tisa. Hapo utamjua baba yako. Miaka ishirini na tatu nimekuwa wakala wa forodha, nikijaza karatasi za malori hapa mpakani, na kuna siku, sisemi kila siku, lori lilikuwa zito kupita ruhusa na mwenye mali alitaka lipite. Tunapunguza kwenye karatasi. Na wakala mwenye akili haandiki themanini. Namba ya mviringo inamshtua mkaguzi. Unaandika namba ya chini yake kidogo, yenye mkia, inayoonekana kama kweli imepimwa. Nilikufanyia wewe kile ninachofanyia saruji. Nilifanya bila kufikiri, vidole vinajua kazi.

Ndiyo maana nashuku kila karatasi. Najua zinavyotengenezwa.

Na lile la chuo? Tulipofika nyumbani niliisoma fomu yote. Walitaka macho, kifua na chanjo. Fomu haikuwa na mstari wa uzito. Hakuna aliyewahi kuuliza. Kesho yake, nilipompelekea ile sukari, ningeweza kumwambia Sista afute. Sikumwambia, kwa sababu chuo kilikuwa kisingizio. Nilikuonea aibu. Nilisimama katika ile baraza nikawa upande wa wale waliocheka, nikataka uwe mwepesi angalau mahali pamoja, hata kama ni kwenye kadi tu. Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma mara mbili. Ni hivyo.

Baada ya kukataliwa nilinyamaza majuma manne. Nilijiambia utajaribu tena mwakani. Kisha siku ile uliniletea chakula hapa Oraba, bodaboda ikakuacha getini kwa sababu ya tope, ukatembea kutoka getini hadi mlangoni kwangu. Unajua ni hatua ngapi hizo. Mzee wa kusukuma toroli anazipita akiimba. Ulisimama mara tatu. Ulipofika ukakaa juu ya gunia la mtu, kifua kinapanda na kushuka, huwezi hata kunisalimia, na bakuli la maharage limeinama mkononi. Ulipopata pumzi ukasema, "Baba, mimi nachoka kuomba hawa watu. Basi. Nitakufa na hii mwili yangu, hakuna shida." Ukacheka kidogo. Hukuwa unatania. Nilikula yale maharage mbele yako kwa kuwa sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Ulipoondoka tu nilipiga simu kwenye bima. Akapokea binti mmoja, akaanza na Kiingereza, akasikia Kiswahili changu cha mpakani, akahamia Kiswahili cha shule. Nilimuuliza jina lake mara mbili na nikaliandika. Nilimuuliza kama simu inarekodiwa na nani anasikiliza. Nikadhani atanikatia. Akasema, "Mzee, binti yako ana haki ya kukata rufaa, lakini muda unaisha mwisho wa mwezi. Tunahitaji zahanati ieleze ile kadi." Nikangoja aseme na sharti la siri. Hakuwa nalo. Nilimshuku wiki nzima, na kila alichoniambia kilikuwa kama alivyosema.

Zahanati haikuweza kueleza. Sista alishahama, hawajui aliko, na kitabu chao kilisema sabini na tisa, kimeandikwa vizuri bila kufutwa. Kazi yangu ilikuwa safi. Nikabaki mimi peke yangu ninayejua.

Nilipanda Arua Hill kwa wakili nikaomba hati ya kiapo. Unakumbuka ile Jumanne nilipokuambia naenda kuona spea za gari? Wakili aliandika niliyoyasema, kisha akaweka kalamu chini. Akasema, "Mzee, wewe ni wakala. Hii karatasi ikifika mahali pabaya, watu watauliza umebadilisha uzito gani mwingine. Leseni yako inaweza kwenda." Nikamwambia najua. Akaniuliza kama hakuna ushahidi mwingine, kwa kuwa neno la baba pekee bima wangesema ni la upendo. Hapo nikamkumbuka Mama Sadia, fundi wa cherehani wa soko la Koboko, aliyekushonea gauni la gomesi mwaka ule wa chuo.

Nilimkuta na uzi mdomoni. Nikauliza kama bado ana vipimo vyako vya zamani.

"Kiden?" akasema. "Yeye iko kwa kitabu yangu. Mimi nasahau jina ya mutu, lakini kiuno ya mutu mimi hapana sahau."

Akatoa madaftari kutoka chini ya mashine, akapekua akilowesha kidole, na hapo ulikuwa: jina, tarehe, kifua, kiuno, nyonga, na pembeni ameandika kitambaa kiongezwe mita. Mwezi uleule wa kadi. Hakupunguza hata inchi moja, kwa sababu gomesi ya uongo haivaliki. Nilisimama kwenye kile kibanda nikaona haya kuliko kwa wakili. Fundi wa soko alikuandika sawasawa, na mimi niliyekuzaa nilikupunguza kilo ishirini na tisa.

Daktari wako wa Arua aliandika barua kwamba mtu mwenye vipimo vile hawezi kuwa na kilo sabini na tisa. Nilimwomba asikuambie, akasema hatadanganya ukimuuliza. Wewe ulitia saini kwenye rufaa bila kusoma viambatisho, kwa sababu nilikuambia ni karatasi za kawaida tu. Maneno yaleyale ya bima. Nikatuma.

Wakakubali. Ukaniuliza nini kimewabadilisha, nikasema labda wameona kosa lao. Jumapili ukasimama kanisani ukatoa ushuhuda, ukashukuru, na mbele ya watu wote ukasema umemsamehe yule Sista aliyekosea kadi yako, popote alipo. Watu wakasema amina. Na mimi nilisema amina, Kiden. Nilisema kwa sauti.

Tangu siku ile sijalala vizuri, na sitaki kukudanganya kwamba ni dhamiri peke yake inayoniandikisha barua hii. Hati ya kiapo iko kwenye faili lako. Faili limeshaenda hospitali. Nawaza daktari fulani analipekua, anakuambia, pole kwa yale ya baba yako, nawe umelala pale bila hata viatu. Nataka uyasikie kwangu kwanza. Nusu ni upendo na nusu ni hofu, na nikijijua, hofu huenda imezidi kidogo.

Kuhusu leseni, bado hakuna aliyeniita. Kila simu ya namba nisiyoijua naona ndiyo hiyo. Usiibebe hiyo. Ni mzigo wangu na nilipaswa kuulipia zamani.

Baada ya upasuaji watakupima tena na tena, kila mwezi, labda miaka. Soma mzani kwa macho yako kabla mtu hajaandika. Namba ikipanda, iandikwe ilivyopanda, na ukila usichotakiwa, waambie, hata kama ni aibu. Utakutana na watu watakaotaka kukusaidia kwa kukupunguzia kidogo, kukufichia kidogo. Watakuwa watu wema, wanaokupenda. Washuku hao kabla ya bima.

Nilikufundisha kushuku kila mtu aliye nyuma ya meza. Binti wa bima alisema kweli, mshauri wa akili alikuuliza swali zuri, Mama Sadia hakupindisha kitu. Karatasi moja tu katika faili zima ilikuwa ya uongo, na ilitoka kwenye nyumba yetu.

Nimebakiza jambo dogo. Jana nilijaza fomu yako ya kuingia hospitali, kama nilivyojaza kila fomu yako tangu ya ubatizo. Jina, kuzaliwa, namba ya bima, yote yako tayari kwenye bahasha ya kaki. Kuna mstari unaouliza mtu wa karibu, wa kupigiwa simu na kukuamulia kama wewe umelala na jambo limeharibika. Sikuujaza. Mama yako aliuona mtupu akaniuliza kulikoni, nikamwambia wino umekwisha. Wino haujaisha.

Utaujaza mwenyewe, ukishasoma hapa. Sitauliza umeandika nani. Kama si mimi, nitamsindikiza huyo uliyemwandika mpaka mlangoni, nami nitakaa nje getini siku nzima, na hakuna atakayeniondoa.

Baba yako